Meno juu ya mfupa wa mguu: mwongozo wa vipandikizi baada ya taya kujengwa upya

Mtu aliyekatwa sehemu ya taya kwa sababu ya saratani, ameloblastoma (uvimbe wa taya ambao kwa kawaida si saratani), risasi au ajali, kisha akajengewa taya jipya kwa mfupa uliotolewa mguuni, nyongani au kwenye kombe la bega, mara nyingi huondoka hospitalini akiwa na uso uliorudiwa na umbo lake lakini na kinywa kisichoweza kutafuna. Taya lipo, meno hayapo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mgonjwa huyo na ndugu anayemsindikiza kliniki, ili wajue safari ya kuelekea kwenye vipandikizi vya meno ina vituo gani, ni wapi inafaa kusubiri, ni wapi haifai kusubiri hata kidogo, na ni maswali gani yaulizwe kwa nani. Nimekaa zaidi kwenye mambo mawili ambayo huharibu kazi hii kuliko mengine yote: mipango inayoachwa hadi taya limeshajengwa, na nyama laini inayozunguka kipandikizi ambayo haikuandaliwa. Kutoboa mfupa na kukaza skrubu, jambo ambalo wagonjwa huliogopa kuliko yote, ndiyo sehemu fupi zaidi ya safari nzima.

Kwa nini meno bandia ya kawaida hayakai

Meno bandia ya kuvaa na kuvua hutulia kinywani kwa sababu ya mambo manne yanayosaidiana: tuta la ufizi lenye umbo zuri, mate yanayoyashikiza, ulimi na mashavu yanayoyabana kwa ustadi, na hisia inayomjulisha mtu kwamba yameanza kuteleza. Upasuaji wa taya huweza kuondoa yote manne kwa mkupuo mmoja. Mfupa uliohamishwa hauna tuta, umefunikwa na ngozi nene inayochezacheza, mfereji uliokuwa kati ya shavu na ufizi umepotea, neva inayopita ndani ya taya la chini imekatwa na kuuacha mdomo wa chini ukiwa na ganzi ya kudumu, na kama mgonjwa alipata tiba ya mionzi, mate yenyewe yamekauka. Mgonjwa akitengenezewa meno ya kawaida katika hali hiyo, huyavaa siku mbili tatu, yakamchubua, akayaweka kwenye kikombe na kuyasahau. Kosa si lake, kwa maana meno hayo hayakuwa na mahali pa kushika.

Kipandikizi ni skrubu ya titaniamu, yenye kipenyo cha kama milimita 3.5 hadi 4.5 na urefu wa kama milimita 8 hadi 13, inayokazwa ndani ya mfupa na kuachwa mpaka mfupa uote na kuishikilia moja kwa moja, bila utando wowote katikati. Tabia hii ya titaniamu iliwekwa wazi na Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, na mgonjwa wake wa kwanza, aliyewekewa vipandikizi huko Gothenburg mwaka 1965, alikuwa mtu mwenye kasoro ya taya ya kuzaliwa nayo. Nalitaja hilo kwa sababu wapo wagonjwa wanaoona haya kuulizia vipandikizi, wakidhani ni pambo la watu wenye uwezo. Tangu mwanzo, kazi hii ilikuwa ya kumrudishia uwezo wa kutafuna mtu ambaye taya lake halikuwa na msaada mwingine.

Anza na meno, kisha urudi kwenye mfupa

Mfupa unaotumika zaidi kujenga taya la chini ni fibula, ule mwembamba unaokaa upande wa nje wa mguu, kando ya muundi. Mwaka 1989 daktari David Hidalgo alichapisha maelezo ya kuutumia kujenga taya, na tangu hapo umekuwa chaguo la kwanza katika hospitali nyingi. Mpasuaji anaweza kupata hadi sentimita 25 hivi za mfupa huo, akiacha sentimita kadhaa juu ya kifundo cha mguu na chini ya goti ili viungo hivyo visilegee. Mfupa hutolewa pamoja na ateri na vena zake, kisha mishipa hiyo huunganishwa na mishipa ya shingo chini ya hadubini, kwa hiyo unafika kinywani ukiwa hai. Uhai huo ndio unaoutofautisha na kipande cha mfupa kilichohamishwa bila mishipa yake, ambacho hufaa kwa pengo fupi kwenye nyama yenye afya, huliwa taratibu na mwili kadiri muda unavyopita, na hakiaminiki mahali palipopigwa mionzi.

Kwa vipandikizi, fibula ina sifa moja nzuri na kasoro moja kubwa. Sifa yake ni ganda gumu linaloizunguka pande zote, ambalo huikamata skrubu kwa nguvu juu na chini. Kasoro yake ni kimo. Taya la chini la mtu mzima mwenye meno lina kimo cha kama milimita 30, ilhali fibula ina kama milimita 13 hadi 15 tu. Mpasuaji akiulaza mfupa sambamba na ukingo wa chini wa taya, uso unapata mstari mzuri wa kidevu, lakini meno yatakayokuja yatalazimika kuwa marefu mno ili yafikie yale ya juu, na jino refu juu ya skrubu fupi hufanya kazi kama wenzo: kila tendo la kutafuna huing'oa skrubu kidogo kidogo. Akiupandisha mfupa karibu na meno, kazi ya meno inakuwa rahisi lakini kidevu hupungua. Suluhisho mojawapo ni kuukunja mfupa na kuulaza tabaka mbili, moja juu ya nyingine, na jingine ni kuupandisha kama sentimita moja na kuacha bamba la chuma au nyama lijaze sehemu ya chini. Vipo pia vipimo vya ndani na nje: mfupa uliofuata mpaka wa nje wa uso mara nyingi hukaa nje ya mstari wa meno, na kipandikizi kikichomoza shavuni hakuna fundi wa maabara atakayeweza kukiokoa.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba mpango uanze na meno. Kabla ya taya kukatwa, daktari wa meno bandia huchukua vipimo vya meno ya juu na ya chini, hupanga meno yanayokosekana au yatakayoondoka, na kutokana na meno hayo huamuliwa vipandikizi vikae wapi, na kutokana na vipandikizi huamuliwa mfupa ukatwe wapi na ulazwe vipi. Siku hizi mpango huu hufanywa kwenye kompyuta kwa kutumia picha za CT, yaani eksirei za tabaka kwa tabaka, za taya na za mguu, kisha huchapishwa vielekezi vya plastiki vinavyovalishwa kwenye mfupa ili msumeno upite mahali palepale palipopangwa. Mahali pasipo na teknolojia hiyo, modeli ya plasta na meno ya nta bado hufanya kazi kubwa, mradi watu wawili wawe wamekaa meza moja kabla ya upasuaji: mpasuaji wa kinywa na taya, na daktari atakayetengeneza meno.

Mgonjwa ambaye bado hajafanyiwa upasuaji aulize mambo haya kwa sauti: je, daktari wa meno bandia ameiona kesi yangu, je, mfupa utawekwa kwa kimo gani na kwa nini, je, mnakusudia kuweka vipandikizi siku hiyohiyo au baadaye, na je, mabamba mtakayotumia yatazuia kutoboa baadaye. Daktari aliyepanga vizuri hatakasirishwa na maswali hayo.

Mgonjwa ambaye taya lake limekwisha kujengwa bila mpango huo asikate tamaa, kwani wengi wako katika hali hiyo, lakini ana kazi ya kufanya. Aombe nakala ya ripoti ya upasuaji na ahifadhi yeye mwenyewe. Ripoti hiyo inaeleza mfupa ulitoka wapi, ulikatwa vipande vingapi, umeshikwa na mabamba na skrubu za aina gani, na muhimu kuliko yote, mishipa inayoulisha inapita upande gani. Daktari atakayefungua ufizi baada ya mwaka mmoja bila kujua hilo anatembea gizani. Kisha ipigwe picha mpya ya CT, ili ionekane kama vipande vimeungana na kama kimo na upana wa mfupa vinatosha.

Lini vipandikizi viwekwe

Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kuviweka wakati uleule wa kujenga taya, mfupa ukiwa bado mguuni au mara tu unapofika kinywani. Faida yake ni kubwa: mgonjwa hupunguziwa upasuaji mmoja, na kama atapata mionzi baadaye, vipandikizi vinakuwa vimewahi kuanza kushika katika mfupa usioharibiwa. Mwaka 2013 madaktari wa New York walieleza namna ya kuondoa uvimbe, kujenga taya, kuweka vipandikizi na kufunga meno ya muda yote katika operesheni moja. Ni kazi nzuri mno, lakini inahitaji mpango wa kompyuta usiokosea, maabara iliyo tayari na timu iliyokwisha kuzoeana, na inafaa zaidi kwa uvimbe usio wa saratani, ambapo mpaka wa kukata unajulikana mapema. Kwenye saratani, mpaka unaweza kusogezwa mezani palepale, na mpango wote ukapishana na hali halisi.

Njia ya pili ni kusubiri, kwa kawaida miezi 6 hadi 12, hadi vipande vya mfupa viungane na mgonjwa apate nafuu. Hasara yake ni muda. Faida yake ni kwamba kila kitu kinapimwa upya juu ya taya lililokwisha kutulia, na kwamba mgonjwa mwenyewe huwa amejua kama anataka kuendelea. Sioni sababu ya kumlaumu mtu anayechagua njia ya pili. Ninacholaumu ni kusubiri kusiko na tarehe, pale mgonjwa anapoambiwa "tutaona baadaye" na baadaye hiyo ikapita miaka mitatu huku meno ya juu yakiteremka kujaza nafasi iliyo wazi na kuumeza mwanya uliohitajika kwa meno ya chini. Ukiambiwa usubiri, omba tarehe.

Mionzi

Hapa inahitajika tahadhari ya kweli. Tiba ya mionzi baada ya upasuaji wa saratani ya kinywa kwa kawaida huanza ndani ya wiki sita hivi na hufikia jumla ya grei 60 (grei ni kipimo cha kiasi cha mionzi) au zaidi kidogo. Kiasi hicho huua mishipa midogo ya damu ndani ya mfupa, na athari yake haiishi baada ya miezi, bali hudumu maisha yote. Mfupa uliopungukiwa damu unaweza kushindwa kupona baada ya kutobolewa au baada ya jino kung'olewa, ukafa na kutokeza wazi kinywani. Hatari hiyo huongezeka pale kipimo kinapozidi grei 50, na ni kubwa zaidi katika taya la chini.

Mgonjwa wa aina hii aombe ramani ya mionzi, yaani maelezo ya sehemu ipi ya taya ilipata kiasi gani. Mara nyingi upande mmoja ulipata nyingi na upande mwingine kidogo, na jambo hilo peke yake linaweza kuamua skrubu ziwekwe wapi. Madaktari wengi husubiri angalau miezi 6 hadi 12 baada ya mionzi kabla ya kuweka vipandikizi, na huviacha vishike kwa muda mrefu zaidi, kama miezi sita badala ya mitatu au minne. Vipandikizi katika mfupa uliopigwa mionzi vinaweza kushika na kudumu, ingawa idadi inayopotea ni kubwa kuliko katika mfupa usioguswa, na mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo waziwazi kabla ya kutia saini.

Wapo wanaoshauriwa kupata kwanza oksijeni ya mgandamizo, yaani kuvuta oksijeni wakiwa ndani ya chumba chenye hewa iliyogandamizwa. Jaribio lililoendeshwa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019, likihusisha wagonjwa waliong'olewa meno au kuwekewa vipandikizi katika taya la chini lililopigwa mionzi, halikuonyesha kwamba oksijeni hiyo hupunguza kufa kwa mfupa. Anayeshauriwa kuitumia aulize sababu mahususi katika hali yake.

Maandalizi yanayomhusu mgonjwa mwenyewe

La kwanza ni kufungua kinywa. Makovu na mionzi hukaza misuli ya taya, na mtu mwenye mwanya usiofika milimita 35 kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini huhesabiwa kuwa taya lake limekaza. Kipimo cha nyumbani ni vidole vyake mwenyewe: akiweza kuingiza vidole vitatu vilivyopangwa wima, yuko salama, akiweza kimoja na nusu, kichwa cha mashine ya kutobolea pamoja na biti yake havitaingia hadi nyuma. Dawa ya hali hiyo ni mazoezi ya kila siku, mara kadhaa kwa siku, kwa kuingiza vijiti bapa vya mbao vilivyopangwa pamoja kati ya meno na kuongeza kijiti kimoja kila baada ya siku chache, au kwa kifaa maalumu cha kunyooshea taya. Mazoezi haya huchosha na hukatisha tamaa, kwa maana maendeleo yake huhesabiwa kwa milimita, lakini taya lililoachwa bila mazoezi huendelea kukaza. Aanze mara tu mpasuaji wake atakaporuhusu.

La pili ni sigara. Moshi hubana mishipa midogo ya damu, ileile inayotegemewa kuleta uhai kwenye mfupa na kwenye ngozi iliyohamishwa. Katika kazi hii sioni nafasi ya kujadiliana na sigara. Kisukari kisichodhibitiwa nacho huchelewesha kupona na hukaribisha uambukizi, kwa hiyo sukari ishushwe kwanza. Mgonjwa anayetumia au aliyewahi kutumia dawa za mifupa za kundi la bisifosfoneti, au sindano za denosumabu, lazima aseme, hata kama hakuna aliyemuuliza, kwani dawa hizo zenyewe zinaweza kusababisha mfupa wa taya kufa baada ya kutobolewa.

Meno yaliyobaki yatibiwe na kusafishwa kabla, kwa kuwa ugonjwa wa fizi hauheshimu mpaka kati ya jino na kipandikizi.

Siku ya kuweka vipandikizi

Kazi hii hufanyika kwa ganzi au kwa dawa ya usingizi, kulingana na ukubwa wake na hali ya kinywa. Ufizi au ngozi iliyofunika mfupa hufunguliwa kwa sehemu tu, bila kuuvua mfupa utando wake pande zote, kwa sababu damu ya mfupa ule hupita katika utando huo. Mabamba na skrubu za zamani zinazoziba njia huondolewa wakati huohuo, au zile tu zilizo mahali pa kutobolewa. Kipandikizi hakiwekwi kwenye mstari ambapo vipande viwili vya mfupa vilikutana.

Daktari anapotoboa fibula, mkono wake huhisi ukuta wa kwanza mgumu, kisha biti ikazama kwa wepesi katika uboho, kisha ikagonga ukuta wa pili. Ncha ya kipandikizi hupewa nafasi ya kukamata ukuta huo wa pili pia, na ndiyo siri ya uimara wake katika mfupa mfupi namna hiyo. Lakini ganda gumu hupata joto haraka likisuguliwa, na mfupa ulioshikwa na joto la nyuzi 47 za selsiasi kwa dakika moja huweza kujeruhiwa kiasi cha kutoikubali skrubu. Kwa hiyo hutobolewa polepole, kwa biti kali, kwa kuingiza na kutoa, huku maji baridi ya chumvi yakimiminwa bila kukatika. Mgonjwa aliye macho ataona maji mengi na kazi ya taratibu, naye asione kwamba anacheleweshwa.

Idadi ya vipandikizi hutegemea urefu wa pengo. Taya la chini lisilo na jino hata moja mara nyingi hupewa vinne au zaidi, na pengo la upande mmoja hupewa viwili au vitatu. Baada ya hapo huja miezi mitatu hadi minne ya kungoja, au sita baada ya mionzi, na katika kipindi hicho meno yoyote ya muda yasibonyeze juu ya kidonda.

Nyama laini ndiyo inayoshinda au kushindwa

Jino la asili limezungukwa na ufizi mgumu, wa rangi ya waridi, ulioshikamana na mfupa usiosogea hata mdomo ukivutwa. Ufizi huo ni kama kola iliyobana shingoni, na bakteria hawapiti kirahisi. Taya lililojengwa kwa fibula halina kola hiyo. Lina ngozi ya mguu, yenye mafuta chini yake, yenye unene unaoweza kufika sentimita moja au zaidi, inayosogea kila ulimi unaposogea, na ambayo wakati mwingine huendelea kuotesha nywele ndani ya kinywa. Kipandikizi kikitokeza katikati ya ngozi ya namna hiyo, husuguana nayo mchana kutwa. Baada ya wiki chache huonekana nyama nyekundu iliyovimba na kung'aa kuzunguka chuma, inayotoka damu ikiguswa na brashi tu, na mgonjwa huambiwa hasafishi vizuri. Wakati mwingine anasafisha vizuri sana. Ni ngozi yenyewe isiyofaa mahali pale.

Tiba hufanywa kabla ya meno kutengenezwa, mara nyingi siku ya kufunua vipandikizi. Mpasuaji hupunguza mafuta na misuli iliyo chini ya ngozi, au huiondoa ngozi ile kabisa mahali pa meno huku akiuacha utando wa mfupa, kisha huweka badala yake kipande chembamba cha ngozi ya paja au, kikipatikana cha kutosha, kipande cha nyama ngumu ya kaakaa. Kipande hicho kinahitaji kugandamizwa pasipo kusogea, na hapo vipandikizi vyenyewe husaidia: bamba la plastiki hufungwa juu yake kwa skrubu na kuachwa kwa wiki mbili au tatu, likikilinda na likirudisha pia mfereji kati ya shavu na taya. Bamba likitolewa, sura yake huwa mbaya na harufu yake si nzuri, lakini chini yake huwa kumeanza kuota kitu kinachofanana na ufizi uliotulia.

Wagonjwa wengi waliochoka na upasuaji huomba kuruka hatua hii. Nawasihi wasiiruke. Kipandikizi kilichoshikwa vizuri na mfupa bado kinaweza kupotea kwa uambukizi unaoanzia juu na kuula mfupa kuelekea chini, na mfupa wa milimita 13 hauna wa kupoteza.

Meno yenyewe: ya kufungwa au ya kuvua

Uchaguzi mkubwa ni kati ya daraja linalofungwa kwa skrubu, ambalo daktari pekee ndiye anayeweza kulitoa, na meno ya kuvua yanayobana kwenye ufito wa chuma uliounganisha vipandikizi. Daraja hutoa hisia ya meno ya kweli. Meno ya kuvua yana faida ambayo huthaminiwa baadaye: mgonjwa huyatoa na kuona kila pembe anayotakiwa kusafisha, daktari huweza kuchunguza sehemu iliyokatwa saratani bila kizuizi, na plastiki yake ya waridi hujaza midomo na mashavu yaliyobonyea. Kwa mgonjwa wa saratani aliye katika miaka ya mwanzo ya uangalizi, mwenye kinywa kikavu au mkono usio na nguvu za kusafisha chini ya daraja, mimi huegemea upande wa meno ya kuvua. Kwa kijana aliyeondolewa ameloblastoma, mwenye kinywa kinachofunguka vizuri na ngozi iliyokwisha kubadilishwa, daraja ni chaguo zuri.

Meno ya muda yatangulie. Mgonjwa ayatumie kwa wiki kadhaa, ajifunze kutamka na kung'ata, na yarekebishwe mara kadhaa kabla ya yale ya kudumu kuchongwa. Meno ya juu na ya chini yakutane kwa usawa, bila jino moja kubeba mzigo wa mengine, kwa sababu kipandikizi hakina ule utando wenye hisia unaomfanya mtu aache kung'ata anapohisi nguvu imezidi.

Ni haki pia kusema kile ambacho vipandikizi haviwezi kufanya. Haviurudishi ulimi uliokatwa, wala haviponyi koo lisilomeza, wala haviondoi ganzi ya mdomo. Mtu ambaye ulimi wake hauwezi kukisukuma chakula kati ya meno ataendelea kuhitaji chakula laini hata akiwa na meno mazuri. Kwa hiyo apimwe na mtaalamu wa kumeza na matamshi mapema, ili aamue akijua atapata nini.

Usafi wa kila siku

Simama mbele ya kioo penye mwanga wa kutosha. Vuta mdomo wa chini kwa kidole, kwa sababu sehemu ile haina hisia na jicho linapaswa kufanya kazi ya hisia. Kama meno yako ni ya kuvua, yatoe na uyasafishe pembeni. Chukua brashi ndogo ya kupitisha kati ya meno, uipitishe chini ya ufito kutoka mbele kwenda nyuma, uizungushe kila kipandikizi, uisuuze, kisha urudie kutokea upande wa ulimi. Malizia kwa brashi laini ya kawaida kwenye mstari ambapo chuma kinaingia nyamani. Fanya hivyo asubuhi na usiku, na baada ya kula pitisha maji kwa nguvu, kwani chakula hujikusanya upande wenye ganzi bila wewe kujua. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini hutumika kwa vipindi vifupi kwa ushauri wa daktari, wala haichukui nafasi ya brashi. Aliyepigwa mionzi atumie pia floridi kila siku kwa meno yake ya asili, ambayo bila mate huoza kwa kasi ya kutisha.

Katika mwaka wa kwanza, rudi kliniki kila baada ya miezi mitatu, na baadaye angalau kila miezi sita, ukipigwa eksirei kwa vipindi ili kimo cha mfupa kilinganishwe na cha mwanzo. Usingoje tarehe hiyo ukiona skrubu imelegea, meno yameanza kucheza, usaha unatoka, mfupa unaonekana au maumivu yanaongezeka usiku. Na kwa yeyote aliyewahi kuwa na saratani ya kinywa, iko dalili moja inayohitaji uzito wa pekee: nyama iliyovimba kando ya kipandikizi ambayo haijapungua baada ya wiki mbili za usafi mzuri na matibabu. Saratani inayorudi inaweza kufanana kabisa na uvimbe wa kawaida wa kipandikizi, na kuitazama tu haitoshi kuzitenganisha. Mwombe daktari akate kipande kidogo kipelekwe maabara, na usikubali kuandikiwa dawa nyingine ya kusukutua kabla kipande hicho hakijachunguzwa.